Trauti wa mwisho wa majira ya joto: tafuta kina, si umbali

Swali: Ninavua trauti kwenye ziwa dogo nikiwa nimesimama ukingoni, sina mtumbwi. Majira ya kuchipua nilikuwa nawapata bila taabu, mita chache tu kutoka nchi kavu, kwa chambo cha unga kinachoelea na kwa spina, chambo bandia chenye bapa la chuma linalozunguka. Sasa majira ya joto yanaelekea kwisha. Nafika saa 3 asubuhi, naondoka saa 6 mchana mikono mitupu, na huku nawaona wakiruka katikati ya ziwa. Ninunue fimbo ndefu zaidi ili nitupe mbali, au tatizo ni chambo?

Jibu: Fimbo iache kwanza. Nunua kipimajoto, na ufike ziwani kabla ya jua.

Trauti uliokuwa ukiwapata majira ya kuchipua bado wamo humo humo. Wamefuata maji. Mwisho wa majira ya joto, yaani Agosti na Septemba upande wa kaskazini wa dunia, Februari na Machi upande wa kusini, wao hukaa pale penye maji ya baridi ya kutosha na oksijeni ya kutosha kwa pamoja, na katika ziwa dogo mahali penye vyote viwili huwa finyu sana. Ukipajua, fimbo uliyonayo itapafikia. Usipopajua, utatupa mbali mpaka bega liume na chambo kitapita juu ya vichwa vyao, au kitalala chini mahali ambapo samaki hawezi kupumua.

Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakifika 18 huanza kupunguza mwendo, yakipita 20 hula kidogo na huchoka haraka, na yakikaribia 25 huanza kufa. Trauti wa kijito ndiye asiyevumilia joto kabisa. Trauti wa upinde wa mvua na wa kahawia hujikaza kidogo zaidi. Joto humpiga samaki mara mbili. Mwili wake ukipata moto unadai oksijeni zaidi, na maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo: katika usawa wa bahari, maji matamu ya nyuzi 10 huweza kushika takribani miligramu 11.3 kwa lita, ya nyuzi 20 miligramu 9.1, ya nyuzi 25 miligramu 8.3. Chini ya miligramu 5 trauti yuko taabani.

Ungedhani basi jibu ni kushusha chambo mpaka chini kabisa kwenye baridi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ziwa lenye kina cha mita 5 au 6 na zaidi hujigawa matabaka wakati wa joto. Juu kuna maji ya moto ambayo upepo huyakoroga kila siku. Chini kuna maji ya baridi na mazito, yasiyoguswa na upepo tangu majira ya kuchipua. Katikati kuna ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla, nyuzi 1 au zaidi kwa kila mita. Maji ya chini hayapati hewa mpya, na kila jani, mwani na mdudu anayekufa huanguka humo na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Katika ziwa lenye rutuba nyingi, lenye magugumaji na maji ya kijani, kufikia mwisho wa majira ya joto sakafu inaweza kuwa haina oksijeni kabisa. Trauti amebanwa: juu kuna moto, chini hakuna pumzi. Anabaki katika ukanda ambao kwenye maziwa madogo mengi huwa kati ya mita 3 na 6 kutoka juu, na unene wake unaweza kuwa mita moja au mbili tu.

Chambo chako cha unga huenda kinalala mita 2 chini ya samaki huyo. Spina yako inapita mita 3 juu yake.

Kuna njia rahisi ya kujua kama sakafu ya ziwa lako ina uhai. Vuta chubwi polepole chini kwenye kina, kisha ilete nje na unuse. Ikija na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, achana na uvuvi wa sakafuni sehemu hiyo mpaka vuli. Ikija na mchanga, changarawe, au tope la kahawia lisilonuka, sakafu bado inaweza kuwa na samaki. Maziwa maangavu yenye maji ya baridi na magugu machache mara nyingi yako hivi.

Kama ziwa lako halifiki mita 3 popote, sahau habari ya matabaka; upepo unalikoroga lote. Kwako zimebaki chemchemi, mdomo wa kijito, na alfajiri.

Kupima joto la kina ukiwa ukingoni

Kipimajoto cha kutumbukiza ukingoni kinakupa joto la juu tu. Kwa kina, tumia chupa ya kioo ya nusu lita na kizibo cha gome. Funga kwenye shingo ya chupa kamba uliyoitia alama kila mita, kisha funga kamba hiyo hiyo kwenye kizibo, ukiacha sentimita 20 za kulegea kati ya shingo na kizibo ili mvuto uanzie kwenye kizibo. Ifungie chini jiwe la kilo moja au zaidi kidogo, maana chupa tupu itaelea. Ziba, lakini usikandamize sana. Maji ya kina yenyewe yatakisukuma kizibo ndani. Shusha kutoka kwenye gati, mwamba au ukingo wenye mteremko mkali. Ikifika mita 3, vuta kamba kwa ghafla mara moja: kizibo kitatoka, utaona mapovu yakipanda. Subiri yaishe, vuta haraka, ingiza kipimajoto mara moja. Rudia mita 4, mita 5, mita 6. Kazi nzima ni nusu saa na huna haja ya kuirudia kila safari, kwa kuwa matabaka hubadilika polepole isipokuwa baada ya dhoruba. Unachotafuta ni kina ambacho maji yanashuka chini ya nyuzi 18 kwa mara ya kwanza. Andika namba hiyo. Chambo chako kitaning'inia hapo, au nusu mita juu yake, kwa kuwa trauti hupanda kufuata chambo kwa urahisi kuliko kushuka.

Saa

Saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana ni miongoni mwa saa mbaya ulizoweza kuchagua. Maji ya ukingoni hufikia baridi yake kubwa karibu na jua kuchomoza, na kwa muda huo mfupi trauti huacha kina na kuja kuzunguka kwenye maji ya mita 1 au 2, wakitafuta samaki wadogo na wadudu walioangukia majini usiku. Anza nusu saa kabla ya jua. Saa mbili baada ya jua kuchomoza, ule mzunguko wa ukingoni kwa kawaida umekwisha, na kuanzia hapo vua kwenye kina au rudi nyumbani.

Jioni inasifiwa sana, na kwa wadudu wanaoibuka ni kweli, lakini tabaka la juu wakati wa jioni bado lina moto wa mchana mzima. Kama lazima uchague moja, chagua alfajiri. Ila kuna ziwa ambalo alfajiri yake ina kasoro: lile lililojaa magugumaji. Mimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo ndani ya magugu mazito oksijeni huwa ya chini kabisa kabla tu ya mapambazuko. Kwenye ziwa la namna hiyo simama mahali penye maji wazi yanayopigwa na upepo, si kwenye kijighuba kilichofunikwa.

Wapi pa kusimama

Mahali pa kwanza ni penye maji ya baridi yanayoingia. Chemchemi za chini ya ziwa huonekana kwa dalili: mchanga safi katikati ya tope, duara lisilo na magugu, au miguu yako kuhisi baridi ya ghafla ukiwa umevaa viatu vya mpira. Kwa kijito, pima kwanza. Mwisho wa majira ya joto vijito vingine ni vyembamba na vimepata moto kuliko ziwa lenyewe, na hivyo havina faida. Kama kijito ni cha baridi kuliko ziwa, usitupe mdomoni kabisa. Maji ya baridi ni mazito, huzama mara yanapoingia na kutambaa kufuata mfereji wa zamani mpaka pale sakafu inaposhuka. Samaki wamo pale yanapotulia, mara nyingi mita 10 mpaka 30 mbele ya mdomo.

Pa pili ni ukingo wenye mteremko mkali. Mahali ambapo mita 8 kutoka nchi kavu tayari kuna kina cha mita 5, umepata faida ya mtumbwi bila mtumbwi. Kwenye bwawa la kutengenezwa hapo ni karibu na ukuta, lakini soma vibao, kwa kuwa kwenye mabwawa mengi hairuhusiwi kuvua ukutani. Rasi inayoingia ziwani na kudondoka pande mbili ni nzuri vilevile, kwani samaki wanaozunguka ziwa hulazimika kuipita.

Pa tatu ni ukingo wa nje wa magugu. Magugu huota mpaka pale mwanga unapoishia, na mwisho wao kwa kawaida ndio mwanzo wa mteremko. Ukisimama juu ya ardhi iliyoinuka ukiwa na miwani ya kukata mng'ao, mstari huo unauona waziwazi. Tupa sambamba nao, mita moja nje, si kuukatisha.

Upepo unastahili maelezo yake, kwa sababu ule ushauri wa kila mahali, kwamba uvue upande unakoelekea upepo, ni nusu tu ya ukweli wakati huu wa mwaka. Upepo husukuma maji ya juu pamoja na wadudu walioanguka mpaka ufuko wa mbele. Majira ya kuchipua ndipo penye chakula na samaki. Sasa hivi maji hayo ya juu ndiyo yenye moto kuliko yote, na yakirundikana upande mmoja, yale ya baridi ya chini hupanda upande wa pili, ule unakotokea upepo. Ukivuma mkali mchana kutwa na usiku, asubuhi yake pima joto pande zote mbili. Tofauti ikiwa nyuzi 2 au zaidi, nenda upande unakotokea upepo, hata kama maji yake yanaonekana yamelala na hayana dalili ya kitu. Kama upepo ni wa kawaida na tofauti haipo, fuata ushauri wa zamani.

Boya la kuteleza

Kwa uvuvi wa ukanda wa kati, hakuna kifaa kinacholishinda boya linaloteleza kwenye mshipi, kwa kuwa unaweza kuning'iniza chambo mita 4 chini na bado ukatupa kwa fimbo ya mita 2. Boya lililofungwa mahali pamoja halifai: mita 4 za mshipi zinazoning'inia kwenye ncha ya fimbo huwezi kuzitupa popote.

Tumia nailoni ya milimita 0.18 mpaka 0.20 kwenye rili ndogo, ya ukubwa wa 2000 au 2500. Chukua uzi wa kusuka wa sentimita 15, uzungushe juu ya mshipi mkuu mara 4 au 5 ndani ya kitanzi chake, loanisha kwa mate, kaza. Hilo ndilo fundo la kizuizi. Masazo yake yaache sentimita 1 hivi. Ukiyakata kabisa, yanabaki miiba inayokwaruza na kukwama kwenye pete za fimbo kila utupapo. Yakiwa na urefu huo hulala na kupita. Chini ya fundo ingiza shanga ambayo tundu lake fundo haliwezi kupita, halafu boya la kubeba gramu 5, halafu chubwi ya tundu ya gramu 4, halafu shanga ya mpira ya kulinda fundo la chini, kisha funga pete ya kuzunguka. Kutoka kwenye pete hiyo weka sentimita 60 za fluorokaboni (mshipi usioonekana kirahisi majini) ya milimita 0.16, ndoana namba 10 mwishoni, na punje ndogo ya uzito sentimita 25 juu ya ndoana. Fundo la Palomar, lile la mshipi uliokunjwa mara mbili, linatosha kote. Lilowanishe kabla ya kukaza, la sivyo joto la msuguano hulidhoofisha.

Telezesha fundo la kizuizi mpaka kwenye kina ulichoandika, tupa, kisha legeza mshipi. Watu huharibu hapa: wanafunga rili na kukaza mara chambo kinapogusa maji, mshipi haupiti ndani ya boya, na chambo kinabaki nusu ya kina wakidhani kimefika. Angalia boya. Kwanza litalala ubavu mshipi ukipita ndani yake. Fundo likifika kwenye shanga, boya litasimama wima. Lisiposimama, ama mshipi umekwama, ama chubwi imegusa sakafu kabla ya fundo kufika. Punguza nusu mita ujaribu tena. Likisimama papo hapo, fundo lako liko karibu mno na ndoana.

Chambo ni nyungunyungu mmoja, aliyetobolewa mara moja au mbili karibu na kichwa, mwili uliobaki ukining'inia. Donge la nyungunyungu watatu linavutia samaki wa aina nyingine. Usiliache boya mahali pamoja. Kila baada ya dakika 15 bila dalili, badilisha kina kwa nusu mita, kwanza kuelekea juu, halafu chini. Ukipata samaki mmoja, usiguse fundo tena. Wenzake wako kina hicho hicho, na pengine kuna mita moja tu ya maji ziwa zima inayowafaa.

Boya likizama kidogo na kurudi, subiri. Likienda upande au kuzama bila kurudi, kusanya mshipi uliolegea kwanza, kisha inua fimbo. Kuinua fimbo mshipi ukiwa umelegea ni kupiga hewa.

Chambo cha unga na spina ulizonazo

Sitakwambia uzitupe. Chambo cha unga kinachoelea kinafaa pale tu sakafu ina oksijeni na iko kwenye kina chenye joto linalofaa, yaani kwenye mteremko, si kwenye shimo la katikati. Kosa la kawaida ni urefu wa mshipi wa mwisho. Kama magugu yana sentimita 60 na mshipi kutoka kwenye chubwi mpaka ndoana ni sentimita 45, chambo kimejificha ndani ya majani siku nzima. Weka sentimita 90, hata mita 1.2. Kosa la pili ni kuweka unga mdogo kwenye ndoana nzito. Jaribu ukingoni kabla ya kutupa: donge la ukubwa wa punje ya mbaazi kubwa, juu ya ndoana namba 10 ya waya mwembamba, lipande polepole. Likizama, ongeza unga au punguza ndoana. Nyungunyungu naye huelea ukimpulizia kitone cha hewa kwa sindano. Mlaze juu ya kipande cha ubao unapofanya hivyo, kamwe usimshike kwa kidole mbele ya ncha, maana hewa iliyoingia mwilini mwa mtu ni hatari.

Trauti humeza chambo cha unga ndani kabisa. Kama unakusudia kurudisha samaki majini, usikitumie.

Spina ya namba 1 au 2 na kijiko (chambo bandia cha chuma kinachoyumba) cha gramu 5 mpaka 7 ni vya ile saa ya alfajiri. Simama mita 2 nyuma ya maji, usitembee kwa kishindo, na mtupo wa kwanza uwe sambamba na ukingo, mita 3 au 4 tu kutoka nchi kavu. Wavuvi wengi huingia majini mpaka magotini na kuanza kutupa kuelekea mahali samaki walipokuwa kabla hawajawatimua. Vuta polepole kiasi kwamba bapa la spina linaendelea tu kuzunguka. Trauti hufuata kwa mbali na kuamua dakika ya mwisho, kwa hiyo ukiona kivuli nyuma, ongeza kasi kwa mizunguko miwili ya rili badala ya kusimama. Jua likishapanda, badili uende kwenye kijiko na uhesabu. Kidondoshe mahali unapojua kina chake, hesabu sekunde mpaka mshipi ulegee, gawanya: sasa unajua kwamba kijiko chako, kwa mfano, kinahitaji kuhesabu 8 kufika mita 4. Kila mtupo hesabu, kisha vuta. Rangi haina uzito inaopewa madukani.

Wale wanaoruka katikati

Trauti anayeruka mzima nje ya maji mara nyingi si samaki anayekula juu, na kumfukuza kwa mitupo mirefu ni kupoteza saa nzuri. Tazama badala yake miviringo midogo karibu na ukingo. Mviringo ukiacha povu katikati, samaki amechukua mdudu juu kabisa ya maji. Ukiona mgongo na ncha ya mkia vikibingirika bila povu, anakula mabuu yanayopanda, sentimita chache chini ya uso.

Kwa hao, tumia boya angavu la plastiki linalojazwa maji, la gramu 10 mpaka 15. Lijaze nusu, weka nyuma yake mita 1.5 za nailoni ya milimita 0.18 na nzi bandia mmoja wa namba 14 au 16: mkavu, yaani wa kuelea, kwa mviringo wenye povu, wa kuzama kwa usio na povu. Tupa mita 5 kupita samaki, leta polepole mpaka kwenye njia yake, uache. Siku kumbikumbi au sisimizi wenye mabawa wanapoangukia majini, usivute hata kidogo. Mdudu aliyekufa hatembei.

Joto la kuacha

Samaki aliyetolewa kwenye maji ya nyuzi 16 na kuburutwa kupitia maji ya juu ya nyuzi 22 anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako na kufa baada ya saa chache. Kwa hiyo maji ya juu yakifika nyuzi 20, acha uvuvi wa kurudisha. Kama sheria ya ziwa inakuruhusu kubaki na samaki, chukua idadi unayoruhusiwa na ufunge fimbo. Usiendelee kwa kujifurahisha. Yakizidi 22, usiende kabisa. Jimbo la Montana nchini Marekani limefanya kanuni ya jambo hili: mto ukifika nyuzi 73 za Farenhaiti, karibu 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kupigwa marufuku kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 6 usiku. Kwingineko ziwa linaweza kufungwa bila namba kutajwa, kwa hiyo angalia tangazo kabla ya kutoka.

Chini ya nyuzi 20 bado kuna kazi. Bana kijino cha ndoana kwa koleo. Tengeneza breki ya rili iachie kwenye nusu kilo hivi ukiwa na mshipi wa mwisho wa kilo 1.8 mpaka 2, ili samaki aje haraka bila kukata. Lengo ni dakika moja au mbili, na wavu wa mpira uwe umeshalowa. Mfungue akiwa ndani ya maji, kwa mikono iliyolowa, bila kumgusa matamvua. Kama ndoana imezama kooni, kata mshipi karibu na mdomo na umwachie nayo. Picha ikilazimu, asikae nje zaidi ya sekunde 10.

Wa kuliwa naye asining'inizwe kwenye kamba kwenye maji ya moto ya ukingoni. Nyama yake italegea kabla hajafa. Mpige kichwani mara moja, kata matamvua damu itoke, mpasue tumbo pale pale. Kwangua kwa ukucha ule mstari mweusi unaoshika chini ya uti wa mgongo, ndio unaoharibika kwanza. Kisha barafu, uzito sawa na wa samaki, maji yanayoyeyuka yakipata pa kutokea. Ladha ya tope ambayo trauti wa wakati huu huwa nayo hutokana zaidi na vijidudu vya majini vya rangi ya kijani na buluu, nayo hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo kuondoa ngozi, nyama ya tumbo na ile nyeusi ya ubavuni husaidia. Ukikuta utando wa kijani kibichi umetanda juu ya maji upande mmoja wa ziwa, ondoka upande huo. Usile samaki wa hapo, na mbwa asinywe maji yake.

Usiku ukianza kuwa baridi, pima joto la juu kila wiki. Likikaribia lile la chini, matabaka yatavunjika na ziwa litajichanganya, wakati mwingine kwa siku moja ya upepo. Maji yatachafuka, pengine yatanuka, na kwa siku kadhaa hakuna kitakachokula chochote. Kaa nyumbani. Yakitakata, oksijeni imefika kila mahali na trauti wamerudi kwenye mita 1 na 2 za ukingoni. Hapo shusha fundo la kizuizi mpaka mita 1.5, toa chambo chako cha unga na spina zako, na saa 3 asubuhi itakuwa saa nzuri tena.